Mzee wa vioo wa Ngamiani na tangi langu la matumbawe lililovuja: nampa nyota 4 kati ya 5

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama una tangi la maji ya bahari hapa Tanga na limeanza kuvuja, mzee wa vioo wa Ngamiani anaweza kulirudisha kazini, na kazi yake mie naisimamia mbele ya mtu yeyote. Jina lake siliweki hapa maana sijamuomba ruhusa, ila ukiingia zile barabara za namba ukaulizia mzee anayekata vioo vya makabati na kutengeneza madirisha ya aluminiamu utapelekwa mpaka mlangoni. Si fundi wa akwariamu na mwenyewe atakwambia hivyo kabla hujakaa. Ni fundi wa vioo anayesikiliza, na kwa tangi la matumbawe hicho ndo kitu nilichokihitaji kuliko vyote.

Tangi lenyewe ni sentimita 120 kwa 45 kwa 50, likijaa pomoni ni lita 270, sasa lita moja ya maji ya bahari inazidi kilo kidogo, ongeza mawe, mchanga na kioo chenyewe uone mzigo gani umekaa juu ya stendi ya mbao sebuleni. Ndani kuna nemo wawili, samaki kangaja mdogo mmoja, kamba wa kusafisha, konokono na matumbawe laini, yale ya uyoga na lile la ngozi. Matumbawe nimenunua kwa muuzaji mwenye vibali, hayajang'olewa hapa kwetu, na hili nalisema kwa uchungu kabisa kwa sababu miamba ya Tanga imeumizwa vya kutosha na uvuvi wa mabomu miaka na miaka, na tuna hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, hapo kusini kuelekea Pangani tangu 2009, sasa anayetaka tangi zuri nyumbani asiende kubomoa la Mungu.

Kuvuja kulianza na chumvi. Kona ya nyuma chini, pale kioo cha pembeni kinapokutana na kitako, palitokea utando mweupe, unafuta unarudi, unafuta unarudi mzito zaidi. Hapa wengi wanachanganya maana chumvi inatokea pia juu kwenye mfuniko kwa sababu ya mapovu na rasharasha za pampu, ile inateremka kutoka juu na haina neno. Ya mshono inaanzia chini na muda wote ina unyevu. Ukitaka uhakika futa pote kwa kitambaa cha maji ya bomba, kausha vizuri, halafu bandika vipande vya tishu kuzunguka kitako, kitakacholowa kwanza ndo kinakuonyesha mahali. Tishu yangu ilijibu upesi, na kufika magharibi haikuwa unyevu tena, maji yalikuwa yanafuata mguu wa stendi kwenda chini kwenye ekstensheni ya umeme.

Umeme kwanza jamani, kabla ya samaki, kabla ya zulia. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko ya bomba na kwenye tangi la bahari taa, pampu, hita na skima (kichujio cha mapovu) vyote viko ekstensheni moja. Zima kwenye meinswichi, usichomoe plagi na mkono uliolowa. Halafu hita ikibaki inawaka wakati maji yanashuka inapata moto ikiwa nje ya maji, ikiguswa na maji tena inapasuka, so hata kama umeme unautaka kwa ajili ya pampu hakikisha hita haimo kwenye hesabu.

Baada ya hapo okoa maji. Najua moyo unakimbilia samaki, lakini samaki na matumbawe wanataka maji yale yale waliyoyazoea, kwa hiyo vuta kwa mpira yale maji safi ya juu kabla hujatibua mchanga, jaza ndoo, madumu, diaba, chochote ambacho hakijawahi kuingia sabuni wala dawa. Kadiri maji yanavyoshuka ndo presha kwenye mshono inapungua, utaona mvujo unapoa wenyewe, na kama tundu liko katikati ya kioo ukishafika chini yake umepata nafasi ya kupumua. La kwangu lilikuwa kitakoni kwa hiyo hakukuwa na ujanja, maji yote yatoke. Mawe nayo yakae ndani ya maji muda wote, yale si pambo, vile vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki vinaishi humo, jiwe likikauka vinakufa na amonia, sumu ya uchafu wa samaki, inapanda usiku huo huo. Mchanga wa chini kabisa usiumwage kwenye diaba la samaki hata kidogo, ukiuchimbua unaweza kutoa harufu ya yai viza na ile ni gesi ya sumu, weka ndoo yake peke yake.

Usiku samaki walilala kwenye diaba kubwa na pampu ya hewa ya betri, ile wanayotumia wavuvi kuweka chambo hai, inauzwa bei ya kawaida na mtu mwenye tangi la bahari asikae bila nayo hasa na umeme wetu huu. Feni ndogo ikawa inapuliza juu ya maji. Tanga kipindi cha kaskazi diaba dogo linapata joto haraka mno, matumbawe yanapenda nyuzi 25 mpaka 27 hivi, yakikaa juu ya 30 yanaanza kuteseka, na feni inashusha joto kwa kukausha maji. Sasa hapa kuna kitu watu wanakosea sana: maji yaliyokauka kwa feni yameacha chumvi yake, hivyo unarudishia maji matupu yasiyo na klorini. Maji yaliyovuja yameondoka na chumvi yake, hayo unarudishia ya chumvi. Ukizigeuza hizo mbili unawapa samaki msukosuko wa pili juu ya ule wa kwanza. Kipima chumvi kiwe karibu, kikisoma 1.025 au 1.026 ndo bahari yetu.

Basi, fundi wa kwanza niliyemwita, simtaji, alifika na tyubu yake mfukoni akataka kupaka silikoni, ile gundi ya kuungia vioo, kwa nje hapo hapo kona ikiwa bado imelowa, elfu ishirini tu na ananihakikishia kesho najaza. Nikamshukuru nikampa nauli. Ndipo jirani akanielekeza Ngamiani.

Salamu zikaisha, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, swali lake la kwanza likawa "tangi la maji baridi au maji chumvi?" na mie moyo ukatulia pale pale. La pili akauliza kuna kiumbe gani ndani zaidi ya samaki. Nikamweleza matumbawe na kamba na konokono, akasema hao wadogo ndo wanaokufa na dawa, basi akafunga karakana tukaja wote nyumbani.

Alipiga tochi ndani ya mshono pole pole kona moja baada ya nyingine bila kuongea. Akaniita nione. Tangi la kioo lina silikoni mbili, moja imebanwa katikati ya kioo na kioo na hiyo ndo imeshikilia tangi zima, nyingine ni ule ukanda unaouona ndani kwenye pembe kwa mkono. Akaweka kucha kwenye ukanda wa ndani pale kona ya nyuma na ukanyanyuka, chini yake pameloa. Kisha akaonyesha ile ya katikati, nyeusi safi bila mapovu isipokuwa kipande kidogo pale pale konani. "Mlinzi kachoka mwanangu, mwenye nyumba bado mzima." Angeona mapovu marefu katikati, anasema, asingekubali kuziba, angelifumua tangi lote vioo vitano na kuliunganisha upya, na bei yake nyingine.

Nikamuuliza kuhusu kupaka nje. Jibu lake ndo sababu ya mie kuandika yote haya. Ukipaka nje, maji yanatoka ndani yanaisukuma silikoni ibanduke kwenye kioo. Ukipaka ndani, maji yale yale yanaikandamiza kwenye kioo. Mtu yeyote mwenye tangi ashike hilo tu na hatapoteza hela yake kwa mafundi wa kupaka.

Tangi likaenda karakana kwa kirikuu, limelala juu ya godoro, na nilikaa kuangalia kazi maana sikuweza kukaa nyumbani. Alitoa ukanda wa ndani WOTE, siyo kona mbovu peke yake, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya silikoni iliyokwisha kauka, ukiziba kipande unaacha njia pale ya mpya inapokutana na ya zamani. Wembe alikuwa anaulaza karibu kabisa na kioo, anasukuma kwa urefu, akifika pembeni anasimama maana hapo ukizidisha unachana ile ya katikati na umeharibu tangi zima lililokuwa zima. Anabadilisha wembe mara kwa mara, ukianza kukwama anautupa. Ukishatoka ukanda bado kuna utelezi usiouona, akamwaga asetoni kwenye kitambaa cheupe akasugua, akageuza kitambaa, akasugua, mpaka kitambaa kikabaki cheupe na kioo kikaanza kulia chini ya kidole. Kijana wake akagusa kioo kwa mkono kuonyesha kitu, mzee akarudia kusafisha pale pale bila kumgombeza, ila akarudia.

Kisha tepu pande zote mbili za pembe ili ukanda utoke sawa, na kabla hajabonyeza tyubu akawaambia vijana wazime grainda na wasimuite. Pembe zote za chini na za kusimama alizipaka kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ukiacha moja ikakauka ngozi ndo ukaja kuunga nyingine umerudi kule kule kwa mpya na ya zamani. Kidole kimoja kinapita mara moja tu kuikandamiza, halafu tepu inavutwa ikiwa bado mbichi. Kwa hewa yetu yenye unyevu ngozi inajifunga haraka kweli, ni dakika chache, fundi mwoga asiguse hii kazi.

Silikoni nayo niiseme kivyake maana hapa ndo matumbawe yanapoponea au yanapofia. Inatakiwa silikoni tupu ya kioo, asilimia 100, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Zile za bafu na sinki zina hiyo dawa, ni nzuri kwa bafu na ni sumu kwa viumbe wa tangi, kamba na konokono wanatangulia kisha wengine wanafuata. Watu wanasema ikinuka siki ni salama, siyo kweli, hata za bafu nyingi zinanuka siki vile vile, siki ni ile asidi inayotoka wakati silikoni inakauka tu. Soma maandishi nyuma ya tyubu. Duka moja la vifaa mjini nilikoingia muuzaji alinishikisha ya bafu huku ananiapia ni ya akwariamu, maandishi ya ukungu yapo nyuma kwa herufi ndogo, nikairudisha kaunta. Niliyoipata duka la pili imeandikwa ya akwariamu kabisa, bei yake imezidi kidogo ile ya madirisha lakini nyie, kwa tyubu moja tena tukabakisha, hapo hakuna cha kubana matumizi. Mzee aliisoma mwenyewe na miwani yake kabla ya kuikata mdomo, na hakuona vibaya mie kuja na yangu.

Kusubiri ndo mtihani. Tyubu imeandikwa masaa 24 lakini hayo ni ya ukanda mwembamba, silikoni inakauka kutoka nje kwenda ndani kwa kula unyevu wa hewa, milimita mbili tatu hivi kwa siku, na pembe ya tangi ni nene. Mie samaki wako kwenye diaba, nafsi inataka kukimbia, mzee akasema tangi halitoki hapa mpaka liache kunuka siki ukiingiza pua konani, na tukakaa wiki. Huku nyumbani nalisha kidogo sana maana chakula kingi kwenye diaba ni amonia, nabadilisha maji kidogo kidogo, na maji mapya nachota Raskazone. Kwa wanaochota baharini: nenda maji yanapojaa yakikaribia kufika juu, kipindi cha bamvua (maji makubwa) ndo nzuri zaidi, maji yanatoka nje kina kirefu yakiwa safi. Yakipwa unachota uchafu wa mji. Na baada ya mvua kubwa za masika acha kabisa siku kadhaa, mto Zigi na Mkulumuzi yote inamwaga kwenye ghuba yetu na chumvi inashuka, maji yanakuwa na tope na mbolea za mashambani.

Majaribio walifanya kule kule karakana, kwa maji ya bomba, nusu kwanza wakaliacha, kisha likajazwa, magazeti makavu yamezungushiwa chini. Halafu kitu ambacho sikukiomba wala sikukilipia, mzee alikuja nalo mpaka nyumbani na pimamaji yake akaiweka juu ya stendi. Kona ya nyuma imezama. Ubao wa juu ni ule wa kubandika, ulikuwa umekula maji ya chumvi ukavimba upande mmoja na kulegea mwingine, kwa hiyo tangi lilikuwa linajipinda polepole na kona ile ile ndo ilikuwa inavutwa. Akasema, "Nikiliweka hivi hivi mwakani utanifuata tena na mie sitaki hela hiyo." Tukaita seremala, ubao ukabadilishwa na mbao ngumu nzima, pimamaji ikasoma sawa urefu na upana, na chini ya kitako ikatandikwa lile povu jeupe gumu la kwenye maboksi ya friji ili kokoto yoyote ndogo isije kukipa kioo nguvu sehemu moja.

Kuhusu bei, kazi yake ni elfu themanini, silikoni, asetoni na tepu juu yangu, kirikuu kwenda na kurudi juu yangu. Kuna watakaosema ni ghali kwa kuziba kona. Tangi jipya la ukubwa huo la kioo cha milimita 10 huligusi kwa hela hiyo mara kadhaa, na hapo hujahesabu viumbe. Mie naona amejipunja.

Nyota moja nimeiondoa na nitasema kwa nini. Kuahidi asubuhi na kufika baada ya adhuhuri kulinitesa, mwenye samaki kwenye diaba masaa anayahesabu kwa pumzi. Risiti hakuna. Pembe moja ya nyuma ukanda umetoka na vijimawimbi, hauvuji lakini unaonekana ukiwasha taa ya buluu. Na karakana ina vumbi la aluminiamu kila mahali, hivyo tangi likifika nyumbani lisuuze na maji ya bomba mara nyingi, futa kwa kitambaa cheupe, ukiona kijivu endelea kusuuza, vyuma si rafiki wa matumbawe.

Kurudisha viumbe tulianza na mawe na yale maji tuliyookoa, mchanga umesafishwa kwa maji ya bahari, pampu ikazunguka, nikapima amonia mpaka ikasoma sifuri ndo samaki wakaingia. Nemo waliingia kama wamiliki. Kangaja alikataa mwani kwa muda kisha akaukubali. Tumbawe la ngozi lilijifunga likawa la kijivu na kung'aa juu, nikajua linavua ngozi, nikaelekeza pampu ya mawimbi karibu nalo ile ngozi ikapeperuka, na sasa vidole vyake viko wazi mchana kutwa. Kona ya nyuma naishika kila asubuhi nikipita, kavu.

Ukienda usiende Ijumaa mchana, anafunga kwa swala na mara nyingi harudi mapema. Nenda na silikoni yako, na umwambie mwanzo kabisa ni la maji chumvi lenye matumbawe, kwa sababu ile aliyonayo rafuni ni ya madirisha.